Kuongea Peke Yako Si Wazimu: Historia ya Neno Tulilokariri Bila Kulielewa

Wiki chache zilizopita jirani yangu alimwambia mama mboga wa hapo chini kwamba yule kijana wa chumba cha mwisho ameanza kuongea peke yake usiku. Mama mboga ni mtu wa Masii, na mama yangu pia ni wa Masii. Hiyo habari ilifika nyumbani kabla sukuma haijanyauka.

Jioni simu ikalia.

"Mwana wakwa, nasikia unaongea usiku. Unaongea na nani?"

"Na simu, mwaitu."

"Na mtu kwa simu?"

"Hapana. Na simu yenyewe."

Akanyamaza. Halafu akauliza pole pole, "Ni masomo yanakusumbua?"

Nikamwambia niko sawa. Wasee, kwa hiyo sentensi moja nilidanganya mara mbili, na nitawaambia mbona tukifika mwisho. Kwanza tuongee kuhusu kuongea peke yako, kwa sababu baada ya ile simu sikulala. Nilikaa nikitafuta jina la kitu ninachofanya. Mimi hurekodi usiku, hapa Mumbuni, kwa sababu mchana kuna bodaboda, kuna kanisa la mabati na kuna fundi wa kuchomelea milango. Najifunika blanketi ili sauti isirudi, nawasha simu, naanza kusema. Ukinisikia kutoka nje, kusema ukweli, mimi ni mtu anayeongea peke yake gizani. Jirani hakukosea.

Na hapo ndipo nikakumbuka kidato cha tatu. Tulikuwa tunasoma Kigogo ya Pauline Kea, na mwalimu akaandika ubaoni: uzungumzi nafsia. Maana: mhusika anajizungumzia mwenyewe, bila kukusudia mtu mwingine amsikie. Tukakariri. Ukiulizwa mbinu kwenye dondoo, unaiandika, unachukua alama zako, unaenda. Wengine wakaandika monolojia na pia wakapata alama. Hakuna aliyetuambia hilo neno lilitoka wapi, wala mbona mtu aliona haja ya kulitunga. Kumbe liko na stori.

Tuanze na binamu yake wa mbali, lile ambalo Waingereza wanatumia, "soliloquy". Hilo si la Kiingereza kwa asili. Limetoka kwa Kilatini, maneno mawili yaliyounganishwa: "solus", peke yake, na "loqui", kusema. Sasa shikilia kiti. Aliyeliunganisha hakuwa Mroma wa Roma wala Mwingereza wa London. Alikuwa Mwafrika.

Anaitwa Augustine. Wakatoliki mnamjua kama mtakatifu, lakini mimi namtaka kabla hajakuwa mtakatifu. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo uko Algeria na unaitwa Souk Ahras. Mama yake ni Monica, yule ambaye akina mama wa kanisa wengi wamechukua jina lake. Kijana akasoma, akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema, akapanda mpaka akapata kazi kubwa Milan, mji wa maliki wakati huo. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuongea mbele za watu. Halafu mwaka 386, akiwa na miaka 31 hivi, akaacha kazi. Alisema kifua kinamsumbua, sauti imechoka, lakini pia moyo ulikuwa umegeuka. Akaenda kukaa mashambani, mahali palipoitwa Cassiciacum, pamoja na mama yake, mtoto wake na marafiki wachache.

Huko ndiko akaandika kitabu ambacho ndani yake yeye anaongea na Akili. Akili inamuuliza maswali, yeye anajibu. Anabanwa, anakubali amekosea, anaanza tena. Wazungumzaji wawili, mtu mmoja. Akakiita Soliloquia. Na ndani ya kitabu chenyewe anakiri kwamba hilo jina ni jipya na pengine halipendezi sikioni, lakini linatosha kwa kazi yake. Yaani jamaa alitunga neno na akaomba radhi papo hapo.

Mimi kilichonigusa ni sababu aliyotoa. Anasema njia nzuri ya kutafuta ukweli ni kuuliza na kujibu, lakini watu wakibishana, ni nadra kupata mtu asiyeona aibu akishindwa. Aibu ikiingia, ukweli unatoka. Watu wanaanza kupiga kelele kulinda jina. Ndiyo maana akaamua kujiuliza mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu wa kumcheka akibadilisha mawazo.

Soma hiyo tena, halafu kumbuka mara ya mwisho uliona mtu akibadilisha mawazo mtandaoni mbele ya watu. Ndiyo hivyo.

Monolojia nayo ni ukoo tofauti. Hilo ni la Kigiriki: "monos", mmoja, na "logos", neno au usemi. Wafaransa wakalitumia, Waingereza wakalichukua, nasi tukalipa irabu mwishoni likakaa. Darasani tulifundishwa kama kwamba ni kitu kimoja, lakini wanaopenda tamthilia wanayatenganisha. Monolojia ni mtu mmoja kusema kwa muda mrefu, hata kama kuna watu mia wanamsikiliza. Uzungumzi nafsia ni mtu kusema na nafsi yake, akidhani yuko peke yake.

Unataka mfano wa kusoma kwa Kiswahili? Julius Nyerere, wakati tayari ni rais, alikaa chini akatafsiri tamthilia ya Shakespeare inayoitwa Julius Caesar. Ilitoka mwaka 1963, halafu mwaka 1969 ikatoka tena ikiitwa Juliasi Kaizari. Ndani yake kuna Brutus, usiku bustanini, anajiuliza kama amuue rafiki yake au asimuue. Hakuna anayemsikia isipokuwa sisi. Huo ni uzungumzi nafsia. Baadaye Antony anasimama mbele ya umati na maiti ya Kaizari na anawageuza watu wote kwa maneno matupu. Hiyo ni monolojia. Mmoja anatafuta ukweli, mwingine anatafuta umati. Samuel Mushi naye akatuletea Makbeth mwaka 1968, na humo kuna mtu anayejisemea mpaka anajiingiza kwenye mauaji. Kwa hivyo usidhani kujisemea huleta mema tu.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo naona Kiswahili kimewashinda wote wawili.

Kilatini kinasema "peke yake". Kigiriki kinasema "mmoja". Yaani wanahesabu vichwa: kuna watu wangapi jukwaani? Mmoja. Basi. Kiswahili hakikuhesabu. Kimeuliza swali lingine: anaongea na nani? Na kikajibu: na nafsi. Nafsi ni neno la Kiarabu, "nafs", roho ya mtu au mtu mwenyewe. Kwa mafunzo ya Kiislamu kuna hata nafsi inayomlaumu mwenyewe, ile inayokukalia kooni ukishafanya jambo. Halafu angalia "zungumza". Hauwezi kuzungumza bila mwenzako. Unaweza kusema peke yako, unaweza kupiga kelele peke yako, lakini mazungumzo yanataka wawili. Kwa hivyo uzungumzi nafsia ndani yake tayari una watu wawili. Ni mazungumzo kamili, na nafsi iko na haki ya kujibu.

Na hata kabla ya neno la darasani, lugha ilikuwa na silabi moja ya kazi hiyo: "ji". Kujisemea. Kujiuliza. Kujijibu. Kujionya. Weka "ji" hapo katikati na tayari umegawanya mtu mmoja akawa wawili. Hapa Ukambani tunasema kũneena, ndugu wa "kunena" ya Kiswahili. Hii familia ya lugha zetu haikungoja Shakespeare ndiyo ijue mtu anaweza kukaa na yeye mwenyewe.

Ushahidi uko Lamu. Kuna utenzi unaitwa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeishi huko visiwani katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Pate, ambao ulikuwa mji wa matajiri, ulikuwa umeanguka. Yeye angeweza kuwahutubia watu, awaambie tubuni. Badala yake anaugeukia moyo wake mwenyewe. Anauuliza mbona hauamki. Anauonyesha majumba ya Pate: palipokuwa na taa na wageni sasa kuna popo na bundi, na vile vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya thamani sasa ni viota vya ndege. Anaubembeleza moyo, anaukemea, anautishia. Hichens alipouchapisha na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1939 aliupa jina lenye maana ya kuamka kwa nafsi. Watu wanaosema Waswahili walijifunza uzungumzi nafsia kwenye vitabu vya tamthilia za kizungu wapewe huu utenzi wasome, halafu warudi tuongee.

Na kuna mwingine ambaye mimi binafsi siwezi kumpita. Abdilatif Abdalla, wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika karatasi iliyouliza swali moja tu kwenye kichwa chake: Kenya Twendapi? Serikali haikupenda swali. Mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kifungo alikaa peke yake, bila mtu wa kuongea naye. Alikuwa na miaka 22. Wasee, hiyo ni miaka yangu. Kule ndani akaandika mashairi kwenye karatasi za choo, yakatolewa kwa siri, na mwaka 1973 yakawa kitabu: Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Hebu fikiria hiyo vizuri. Alifungwa chini ya serikali ya Kenyatta, halafu akapewa tuzo yenye jina la Kenyatta. Shairi moja humo linaitwa Kuno Kunena, yaani huku kusema kwenyewe, na swali linalomsumbua ni hilo: kusema ndiko kulikomponza. Ukimfungia mtu mlango ili asiongee na wananchi, atabaki na nafsi yake, na hiyo nafsi inaweza kuwa na maneno mengi kuliko umati.

Sisi Wakamba tuna yetu pia, ila inaenda upande wa ulumbi, kusema mbele ya watu. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilikuwa inatunyang'anya ng'ombe ikisema ni wengi kupita kiasi. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association wakaongoza maelfu ya watu kutoka Machakos hadi Nairobi, wakaketi huko wiki kadhaa wakisema hawaondoki mpaka gavana awasikize. Mkoloni akaona dawa ya mdomo wa Muindi Mbingu ni kumpeleka mbali na watu wake. Unajua alimpeleka wapi? Lamu. Kule kule kwa Al-Inkishafi. Kila mara nikipita barabara ya Muindi Mbingu pale Nairobi najiuliza yule mzee alijisemea nini huko, jioni, mbele ya bahari, bila Mkamba wa kusema naye. Hilo swali halina jibu kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Kwa hivyo mbona mtaani ukijisemea unaitwa mwendawazimu? Nadhani ni kwa sababu tunaogopa kile hatuwezi kusikia vizuri. Lakini angalia mtoto wa miaka minne akijenga nyumba ya matope. "Hii naweka hapa. Hapana, itaanguka. Naweka hapa." Piaget aliandika kuhusu hiyo tabia mwaka 1923 na akaona ni utoto tu utakaoisha. Vygotsky, Mrusi, akampinga. Kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1934 alisema yale maneno hayapotei, yanaingia ndani. Mtoto anajiongoza kwa sauti, halafu akikua ile sauti inanyamaza nje lakini inaendelea kufanya kazi ndani, na ndiyo tunaita kufikiria. Kama Vygotsky ana haki, basi kila mtu kwenye matatu ya Nairobi asubuhi anajisemea. Wengi tu wamezima sauti.

Sawa. Sasa ile deni.

Nilisema nilimdanganya mama mara mbili. Uongo wa kwanza ni kwamba niko sawa. Wa pili ni kwamba alipouliza masomo, nilimwacha aamini bado kuna masomo. Nyinyi mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nimewatengenezea video tatu kuhusu hiyo. Mama yangu ana simu ya kabambe, hajaziona. Watu elfu kadhaa wasionijua wanajua jambo ambalo mtu aliyenizaa hajui. Na pesa ya karo ya muhula wa mwisho aliyonitumia, ile ya kuuza ndama, nililipa kodi ya nyumba na nikanunua maikrofoni. Ndiyo hiyo mnanisikia nayo vizuri.

Baada ya kusoma haya yote kuhusu Brutus na Antony nikajiona wazi. Mimi nilikuwa nawaambia nyinyi kwamba video zangu ni mimi na nafsi yangu, bila kuigiza. Si kweli. Zile ni monolojia. Najifunika blanketi kama mtu anayejisemea, lakini jicho liko kwa kamera, na nafsi hainijibu kwa sababu siipi nafasi. Nikikosea nakata, narekodi upya. Augustine alisema aibu hufukuza ukweli, na mimi nilikuwa nimejenga kazi nzima ya kukata aibu kabla mtu hajaiona.

Kwa hivyo usiku mmoja nilizima simu na nikakaa kitandani nikajisemea kwa sauti, bila kurekodi. "Utamwambia nini?" "Nitamwambia chuo hakikunifaa." "Hivyo ndivyo ilivyokuwa?" "La. Nilishindwa na mitihani miwili, nikaona haya kurudia." Hiyo sijawahi kuisema kwenye video yoyote. Kwenye video nilisema mfumo umeoza. Pengine mfumo umeoza, lakini mimi niliondoka kwa sababu niliona haya.

Jumapili nikapanda matatu nikaenda Masii. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba njia nzima. Nikimwona pale jikoni ikapotea yote. Nikamwambia tu, mwaitu, sisomi tena, tangu mwaka jana. Na ile pesa ya ndama sikulipa karo.

Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Watu wengine wanajua?" Nikasema ndiyo. Hapo ndipo uso wake ulibadilika. Si kwa chuo wala pesa. Kwamba alikuwa wa mwisho. Akachukua ndoo akaenda kwa ng'ombe.

Nilikaa jikoni nikamsikia huko zizini akisema. Kwa Kikamba, pole pole, anauliza, ananyamaza, anajijibu. Sikujua kama anaongea na ng'ombe, na Mungu, au na yeye mwenyewe, na sikutoka nje kusikiliza vizuri. Mambo mengine hayakusudiwi kusikika, na hiyo ndiyo maana yenyewe ya neno, ile tuliyokariri kwa alama mbili.

Aliporudi alikuwa na maziwa. Akaniambia deni la ndama nitalilipa, hata kama ni kidogo kidogo, na tutaongea habari ya chuo Krismasi. Nimeanza. Wiki hii nimemtumia elfu moja mia tano.

Zile video tatu nitaziacha, lakini nimeongeza maelezo chini yake kuhusu mitihani miwili. Na wewe unayesoma: kama kuna mtu anastahili kusikia jambo lako kabla yetu, jisemee kwanza, chumbani, sauti ikiwa kubwa vya kutosha ujisikie. Jirani akiuliza, mwambie ni uzungumzi nafsia. Halafu nenda umwambie huyo mtu.